Kuzaa bure si jambo jipya Lubumbashi

Tangu serikali ya Kongo izindue mpango wa kuzaa bila malipo mjini Kinshasa, Septemba 2023, majimbo mengine yamekuwa yakingoja zamu yao au yakilalamikia namna zamu hiyo inavyofika. Hapa Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba, ubishi umegawanyika. Wapo wanaosema kizuizi kilikuwa pesa tu, na kizuizi kikiondolewa kazi imekwisha. Wapo wengine, na hao ndio wanaosikika zaidi maofisini na makanisani, wanaouliza: ikiwa ni bule, yaani bure, wanangoja nini? Kwao, mama asiyefika maternite, yaani hospitali ya uzazi, mapema amefungwa na mila, na mama mkwe, na mizizi ya porini. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinaichukua hospitali kana kwamba haina utamaduni wake, na zinauchukua utamaduni kana kwamba ulitoka kijijini ukiwa kamili na haujabadilika tena. Katika mji huu, namna ya kubeba mimba, kuzaa na kutunza mtoto siku za kwanza imetengenezwa kwa sehemu kubwa na yule aliyelipa: kampuni kwanza, kisha mume na ukoo. Mlipaji akibadilika, hubadilika pia mwenye sauti juu ya mama na juu ya mtoto. Hilo ndilo linaloanza kutendeka sasa, na karibu hakuna anayelizungumza.

Niipime kwanza hoja ya mila, kwa kuwa ndiyo dhaifu zaidi na ndiyo inayopendwa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 kuhusu afya na idadi ya watu ulikuta kwamba watoto wanane katika kila kumi nchini Kongo walizaliwa katika hospitali au kituo cha afya. Uchunguzi huohuo ulikadiria vifo vya wanawake 846 vitokanavyo na uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mojawapo ya viwango vibaya kabisa duniani wakati ule. Kama tatizo kubwa lingekuwa wanawake kukataa hospitali, tusingepata wanane kwa kumi. Wanawake wetu walikwenda, miaka kumi kabla ya neno bule kutamkwa, tena wakilipa. Waliokufa, wengi walikufa kwa mambo yanayojulikana: kutokwa na damu baada ya kuzaa, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu uliokwama na upasuaji uliochelewa. Oksitosini, dawa inayozuia damu, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika mji ambao SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, inaweza kukata umeme siku nzima wakati machimbo yanaendelea kuwaka, swali la kwanza ni friji ya kituo inawaka saa ngapi, si bibi wa mgonjwa anaamini nini. Hakuna mama mkwe aliyewahi kukata umeme wa SNEL.

Lakini kusema mila haina hatia ya kutosha hakumaanishi kwamba utamaduni hauna kazi. Una kazi kubwa, ila si ile tunayoiwazia. Ili kuiona inabidi turudi kambini, kwenye makazi ambayo kampuni ya machimbo iliwajengea wafanyakazi wake.

Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianzishwa 1906, mji ukafuata 1910. Miaka ya mwanzo kampuni ilichukua wanaume peke yao, wengine kutoka mbali, hata ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikufa wengi, walitoroka wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili njia: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke, watoto wazaliwe kambini. Tangu hapo kampuni ilianza kuhesabu mimba kwa bidii ileile iliyohesabia tani za shaba, kwa sababu mtoto wa kambi alikuwa mfanyakazi wa kesho asiyehitaji kutafutwa tena vijijini. Ikajenga maternite. Ikapima watoto uzito. Ikagawa uji na maziwa. Posho ya mke na ya kila mtoto ikaongezwa juu ya ile ya mume. Wake wakafundishwa kufua, kushona, kupika na kuogesha mtoto kwa namna ya Kibelgiji. Kuzaa kukawa bure kabisa, na kwa wengi kukawa salama kuliko kulivyokuwa popote karibu. Wazee wa kambi waliokuwa wakiizungumzia kampuni kama baba na mama hawakuwa wakitia chumvi.

Sasa angalia kilichobadilishwa kwa bei hiyo ya bure. Katika jamii nyingi za Kongo mama alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo hakulala na mume. Hiyo ndiyo ilikuwa mila: kuachanisha watoto. Wakoloni, mapadri na madaktari wao waliipinga desturi hiyo waziwazi. Waliona inapunguza uzazi na inampa mume sababu ya kuoa mke wa pili. Maziwa na uji wa bure vilikuwa pia chombo cha kumwachisha mtoto ziwa mapema ili mama ashike mimba nyingine mapema. Kisha miaka mingi baadaye zinakuja kampeni za kutufundisha kuachanisha watoto miaka miwili, na mabango yanatuambia tushinde mila ya kuzaa haraka haraka. Uchunguzi ule wa 2013–2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo, na mimi siwezi kusikia mtu akiita hiyo mila ya mababu bila kuuliza: mababu gani? Wale wa kijijini walioachanisha, au wale wa kambini waliopewa posho kwa kila kichwa?

Kampuni iligusa ukoo pia. Mji huu unakutanisha watu wanaohesabu ukoo kwa mama, kama Wabemba na Walamba, na wanaouhesabu kwa baba, kama Waluba. Kwa wa kwanza, mjomba ana neno juu ya mtoto. Kwa wa pili, neno ni la upande wa mume. Kambini, posho, nyumba na matibabu vilipitia jina la baba mfanyakazi. Nkambo, yaani bibi, ambaye kijijini angekaa na mzazi majuma mengi, alikuwa mbali, na kuja kwake kulihitaji ruhusa. Mahali pake akakaa muuguzi wa kampuni. Mtoto wa Mbemba aliyezaliwa kambini akawa wa baba kwa karatasi, hata kama mazishi na urithi viliendelea kubishaniwa kwa desturi nyingine.

Halafu kampuni, baba na mama huyo, ikafilisika. Union Minière ilitaifishwa 1967, baadaye ikawa Gécamines, kampuni ya serikali, na miaka ya 1990 Gécamines ikaporomoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, neno ambalo hapa mjini bado linasemwa kwa kejeli. Kuzaa kukawa fakture, yaani bili ya hospitali. Mwanamume aliyezoea kwamba jina lake kwenye orodha ya kampuni linatosha kumlinda mkewe akajikuta amesimama mbele ya dirisha la malipo hana kitu, na anayemtoa pale ni mke mwenyewe, kwa pesa ya soko na ya likelemba, ule mchango wa upatu. Wamama wa Katuba, Kenya na Ruashi, komine (manispaa) za mji huu, walijifunza kuweka akiba ya kuzaa kabla ya tumbo kuonekana. Asiyeweka alizuiliwa. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitembelea hospitali na kliniki zaidi ya 20 mjini hapa mwaka 2018, na karibu zote zilikuwa na wagonjwa waliozuiliwa kwa kukosa malipo, wakiwemo wamama na watoto wao wachanga. Haikuwa habari kwa mtu yeyote wa Lubumbashi. Tulishangaa tu kwamba wageni wameshangaa.

Fakture haikuwa mateso tu. Ilikuwa pia lugha ya ukoo. Msichana wa miaka 17 akishika mimba nje ya ndoa, familia yake huenda kwa familia ya kijana, na kipimo cha kukubali si maneno ya sebuleni. Ni nani atakayeleta vitambaa na beseni, na nani atakayelipa maternite. Aliyelipa amekiri. Asiyelipa amekana, na kila mtu amemwona akikana. Kwa wake walioolewa pia, upande uliomkomboa mama na mtoto hospitalini ulikuwa na sauti baadaye katika jina la mtoto, katika mali ya ndoa iliyobaki, katika kila ugomvi. Ukiifuta fakture, unamwachilia yule msichana kutoka mikononi mwa dirisha la malipo, na hilo ni jema kuliko yote niliyoandika hapa. Lakini pia unaiondolea familia yake njia pekee iliyokuwa na nguvu ya kumbana kijana. Nimesikia wamama wenye akili timamu wakiusema mpango huu vibaya kwa sababu hiyo hasa, na wanaoelimika huwacheka. Wasiwacheke. Kanuni ya Familia ya 1987 inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha. Uchunguzi wa 2013–2014 ulikuta ni mmoja tu katika kila watoto wanne wa chini ya miaka mitano aliyeandikishwa. Kama ofisi ya serikali za mtaa ingekuwa na meza ndani ya maternite, baba angeandikwa siku ileile, na mzigo ambao fakture ilikuwa ikiubeba kwa njia mbaya ungebebwa na sheria.

Sitaki kuipamba mila. Katika makabila mengi ya Katanga na ya Zambia jirani, uchungu ukikawia, wazee huuliza kwanza kama mama au baba amezini, na saa zinapotea katika kutafuta ungamo wakati mtoto amekwama. Dawa za mizizi za kuharakisha uchungu zipo, na zinaweza kupasua kizazi. Mimba changa hufichwa kwa kuogopa jicho la jirani, hivyo kipimo cha kwanza huchelewa. Haya yanaua na yasemwe. Lakini hata hapa hospitali haina mikono safi. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ulazima wa mke kupata ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria. Bado familia nyingi na wauguzi wengi hungoja mume afike kutia sahihi kabla ya kupasua. Ungojaji huo hauna tofauti kubwa na ule wa wazee wanaotafuta ungamo: wote wawili wanamwomba mtu mwingine ruhusa ya mwili ulio mbele yao. Na ile shaka ya wanawake kwamba wanapasuliwa kwa ajili ya pesa, tuliyoizoea kuiita ujinga, ilikuwa na mantiki pale kupasuliwa kulipogharimu mara nyingi zaidi ya kuzaa kwa kawaida na hospitali ikaishi kwa malipo hayo. Ondoa bei kweli, na shaka hiyo itapungua bila semina hata moja.

Nasema kweli kwa sababu hapa ndipo hoja nzito ya wapinzani ilipo. Vituo vyetu vingi vinaishi kwa pesa ya mgonjwa. Wapo wauguzi wasiolipwa na serikali, na wengine wanalipwa kidogo sana. Prime yao, yaani posho ya kazi, hutoka kwenye makusanyo ya kituo. Mpango unasema Mfuko wa Mshikamano wa Afya utavirudishia vituo gharama zao. Pesa ikichelewa, muuguzi hafi njaa kimyakimya: glavu zinakwisha, mafuta ya jenereta yanaombwa, matabishi, yaani bakshishi, yanarudi kwa jina la shukrani. Burundi ilipitia hili. Mei 2006 ilifanya kuzaa na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano kuwa bure, wanawake wakaja kwa wingi, vituo vikazidiwa na kulalamikia pesa zinazochelewa, mpaka mwaka 2010 serikali ilipounganisha huduma ya bure na mfumo wa kuvilipa vituo kwa kazi vilivyofanya. Kwa hiyo wanaosema bure itashusha huduma wana sababu ya kuogopa, ila wanafanya kosa la kudhani kwamba dawa ni kurudisha fakture. Dawa ni tarehe ya malipo.

Hata malipo yakifika kwa tarehe, kuna kipande ambacho mpango umekiandika na maisha ya mji hayakipokei: siku za baada. Kwa karatasi, mama anahudumiwa hata baada ya kuzaa, na mtoto mpaka siku yake ya 28. Lakini uchunguzi ule tunaourudia ulikuta chini ya nusu ya wamama ndio waliopimwa ndani ya siku mbili baada ya kuzaa, ingawa wanane kwa kumi walizalia palepale penye wapimaji. Binamu yangu alizaa usiku katika maternite moja ya mji, na kabla ya saa sita mchana kitanda chake kilikuwa na mama mwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau saa 24, kisha aonwe tena kati ya siku ya pili na ya tatu, halafu katika juma la pili, halafu juma la sita. Kadiri wanawake wengi watakavyoitikia huduma ya bure bila vitanda kuongezeka, ndivyo kila mmoja atakavyotolewa mapema. Mafanikio ya mpango yanaweza kuzidisha hatari ya siku zilezile ambazo damu na homa huua.

Na nani anampokea akirudi? Desturi zetu zina jibu zuri kwa hili, zuri kuliko la hospitali. Mzazi hapiki. Mama yake au mama mkwe anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji na supu, anamshika mtoto usiku, na mgeni haingii ovyo. Ukiyatazama vizuri, hayo ni mapumziko, chakula, msaada na kujikinga na maambukizi. Tatizo ni kwamba mji umeyamega. Sheria ya Kazi ya 2002 inampa mwajiriwa majuma 14 ya likizo ya uzazi kwa theluthi mbili za mshahara, lakini hiyo ni sheria ya wenye mkataba. Mama anayeuza unga, sombe (kisamvu) au makala (mkaa) katika soko la komine ya Kenya hana mkataba na mtu, na mtaji wake ukilala juma mbili umekufa. Nkambo mwenyewe siku hizi naye anauza. Msemo unasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliouanzisha hawakuwahi kupanda basi alfajiri na mimba ya miezi minane wakiwa na mfuko wa mahindi kichwani. Ndiyo maana vipimo vya mimba vinne, idadi iliyokuwa ikidaiwa kabla Shirika la Afya Duniani halijapandisha hadi vinane mwaka 2016, vilifikiwa na chini ya nusu ya wanawake wetu. Kila kipimo ni asubuhi ya soko iliyopotea, na asubuhi hiyo hakuna aliyeifanya bure.

Kwa hiyo swali la pesa linarudi, ila limehama kutoka dirisha la malipo. Katika Haut-Katanga, jimbo letu, hatuwezi kusema pesa haipo. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au usultani wenye machimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kila mgodi unatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kutia sahihi ahadi zake katika mkataba ambao kila mtu hapa anauita cahier des charges. Tofauti na enzi ya Union Minière ni kubwa: pesa hii haimtaki mama awe mke wa mfanyakazi, haihesabu watoto wake kama mikono ya kesho, haiandiki posho kwa jina la mume. Ni haki ya mkaaji. Lakini angalia inavyotumika. Inajenga. Jengo la maternite lina bango na picha ya uzinduzi. Friji ya dawa inayoendeshwa kwa jua haina, damu iliyopimwa haina, mshahara wa mkunga wa kartie, yaani wa mtaa, anayepita nyumba kwa nyumba siku ya tatu baada ya kuzaa hauna. Mkunga huyo angeongea na mama mkwe jikoni kwake, akatazama damu, akamwambia nani aende wapi, akamuuliza baba kama amekwenda kuandikisha. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko rangi ya jengo lolote lililofunguliwa kwa fanfari. Komine zenye machimbo hupanga bajeti kila mwaka, na katika orodha za miradi nilizopata kusoma, ziara ya siku ya tatu sijaiona.